Skizofrenia, kusoma sura za watu, na vurugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na ndugu za wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie, aone au aamini yasiyokuwapo, na mara nyingi huulizwa mlangoni, mgonjwa akiwa ameshatoka nje na anayeuliza amepunguza sauti. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu nadhani yanaamua kama nyumba itakalika au haitakalika.

Kusoma hisia usoni ni nini hasa?

Ni kule kumtazama mtu na kujua, bila kuambiwa, kwamba amefurahi, ana huzuni, anaogopa, amekasirika, ameona kinyaa au ameshangaa. Hizo sita ndizo hisia ambazo watafiti wengi hupimia, wakifuata kazi ya Paul Ekman, Mmarekani aliyekwenda Papua New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwaonyesha picha za nyuso watu wa kabila la Fore. Mwaka 1976 yeye na Wallace Friesen walitoa seti ya picha ambayo imetumika hospitalini na vyuoni tangu hapo. Mtu huonyeshwa uso, kisha huchagua neno moja linaloufaa.

Sisi hufanya kazi hii mchana kutwa bila kujua. Unaingia dukani, unamwona muuzaji amekunja ndita, unajua leo hakopeshi.

Ni kweli mtu mwenye skizofrenia hushindwa kazi hii?

Kwa wengi, ndiyo, na pengo si dogo. Mwaka 2010 Christian Kohler na wenzake, Marekani, walikusanya tafiti 86 zilizofanywa kuanzia mwaka 1970 hadi 2007 na kuzipima pamoja. Ukiyageuza matokeo yao kuwa lugha ya kawaida, mgonjwa wa wastani anapata alama za chini kuliko takriban watu wanane kati ya kumi wasio na ugonjwa huu.

Lakini kusema "hushindwa" hakutoshi. Furaha wengi wao huitambua vizuri. Tabu ipo zaidi kwenye hofu, hasira, huzuni na kinyaa. Kisha kuna kosa jingine ambalo mimi naliona zito kuliko yote: kuuona uso mtulivu, usiobeba hisia yoyote, na kuusoma kama uso wenye jambo baya. Utafiti wa awali wa kundi la Kohler, wa mwaka 2003, ulionyesha kuwa wagonjwa waliziona nyuso tulivu kama zenye kinyaa mara nyingi kuliko watu wengine.

Hebu fikiria siku nzima ya mtu wa namna hiyo. Nyuso nyingi tunazokutana nazo ni tulivu: kondakta, jirani anayeanika nguo, baba anayesoma gazeti. Kama kila uso wa namna hiyo unakwambia unachukiwa, utakuwa umechoka kabla ya adhuhuri.

Kwa nini hutokea? Ni macho au ni akili?

Macho yake yanaona. Tofauti iko kwenye mahali yanapotua. Vifaa vinavyofuatilia mwendo wa mboni vimeonyesha kuwa wengi wao huangalia sehemu chache za uso, na hawatui vya kutosha kwenye macho na mdomo, ambako habari nyingi za hisia ndiko ziliko.

Ndani ya ubongo nako kuna mambo. Takriban milisekunde 170 baada ya kuona uso, ubongo hutoa wimbi dogo la umeme linaloonyesha kuwa umetambua kwamba huu ni uso. Kwa watu wengi wenye skizofrenia wimbi hilo ni dhaifu. Halafu kuna amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayotushtua tukikutana na hatari. Tafiti kadhaa za picha za ubongo zimeona kuwa kwa wagonjwa hawa amigdala huchangamka hata mbele ya uso usio na kitu. Yaani kengele inalia na moto haupo.

Kaka yangu kila mara husema "mbona unanikasirikia?" na mimi sijakasirika. Ananichokoza?

Hapana. Anakwambia alichokiona.

Chukua mfano wa dada anayepika kwa kuni. Moshi umemwingia, amefinya macho, amekunja uso, anakata vitunguu. Kaka anaingia, anamtazama mara moja, anauliza: "Nimekukosea nini?" Dada, ambaye ameshaulizwa swali hilo mara tano tangu asubuhi, sasa anakasirika kweli: "Umeanza tena!" Kaka anapata uthibitisho. Kuanzia hapo, chochote atakachokifanya dada, hata kunyamaza, kitaingia kwenye hesabu ileile.

Nimesikia habari za namna hii nyumba nyingi, na huwa hazina mkosaji. Dada hakufanya kosa, kaka hakusema uongo. Ninachowaomba ndugu ni kimoja: swali lile la "mbona umekasirika" walipokee kama wangelipokea swali la mtu asiyesikia vizuri. Asiyesikia vizuri akiuliza "umesema?", unarudia. Huyu naye mjibu kwa maneno: "Sijakukasirikia. Ni moshi."

Kwa hiyo kusoma sura vibaya ndiko kunakomfanya apige watu?

Hapa naomba tusiende haraka, maana ndipo watu wengi wanapoteleza, wakiwemo wataalamu.

Dhana yenyewe inaingia akilini kirahisi: anaona hasira pasipo na hasira, anajihami, anapiga. Watafiti wameilinganisha na hali halisi kwa kuwapima wagonjwa waliowahi kufanya ukatili na wagonjwa wasiowahi. Majibu hayakuja upande mmoja. Mfano ninaoutoa mara nyingi ni utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2005, wa Henry Silver na wenzake. Wagonjwa wenye historia ya ukatili mkubwa walitaja jina la hisia vizuri kuliko wenzao wapole. Walichoshindwa ni kupima ukubwa wa hisia, yaani kutofautisha aliyeudhika kidogo na aliyefura kwa hasira. Uwezo wao mwingine wa akili, kama kumbukumbu, haukutofautiana na wa wenzao.

Matokeo hayo yamenifundisha jambo. Mtu anaweza kujua vizuri kwamba jirani ameudhika. Akishindwa kujua kuwa ni udhia wa kupita tu, atajihami kana kwamba jirani ameshika panga. Hapo kukosea kiasi cha hisia kuna hatari kuliko kukosea jina lake.

Pia kuna watu wakatili wasio na skizofrenia kabisa. Abigail Marsh na James Blair walikusanya tafiti 20 mwaka 2008 na kuona kuwa watu wenye tabia za kuvunja sheria na kuumiza wengine hutambua kwa shida hasa uso wa hofu. Uso wa anayeogopa ndio unaotufanya wengi wetu turudi nyuma, na asiyeuona huendelea. Baadhi ya wagonjwa wana matatizo yote mawili, skizofrenia na tabia hiyo iliyoanza tangu utotoni, na ukiwachanganya na wengine kwenye utafiti mmoja lazima matokeo yavurugike.

Tena usoni si pahali pekee pa kutafuta chanzo. Huko mashariki mwa London, Jeremy Coid na wenzake waliwachunguza watu 458 waliopata saikosisi, yaani hali ya akili kupotewa na uhalisia, kwa mara ya kwanza na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Walichokiona ni kwamba imani potofu, kama ile ya kufuatwa au kufanyiwa njama, ziliendana na ukatili pale zilipomtia mtu hasira. Imani potofu iliyomtia mtu huzuni, au ambayo hakuijali, haikuwa na uzito huo.

Nikiunganisha haya, mimi huamini hivi: kusoma sura vibaya ni kuni. Moto wenyewe huwashwa na kitu kingine, mara nyingi hasira inayotokana na imani kwamba anadhulumiwa.

Basi wenye skizofrenia ni watu hatari?

Wengi mno si hatari kwa mtu yeyote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 24 duniani wana ugonjwa huu, sawa na mtu 1 kati ya 300. Kama wote wangekuwa wakali, kila mtaa ungekuwa vitani.

Hata hivyo sitawaficha ukweli ili kuwafurahisha. Seena Fazel na wenzake walijumlisha tafiti 20 mwaka 2009, zenye watu 18,423 wenye skizofrenia na saikosisi nyingine. Waliokuwa hawatumii pombe kupita kiasi wala dawa za kulevya walikuwa na uwezekano wa kufanya ukatili takriban mara mbili ya watu wengine. Waliokuwa wanatumia, karibu mara tisa. Na watumiaji wa ulevi wasio na saikosisi yoyote? Zaidi ya mara saba. Soma tarakimu hizo polepole, uone ulevi unabeba sehemu gani ya mzigo.

Ukiutazama ukatili wote katika jamii, sehemu ndogo tu ndiyo inayotokana na magonjwa makubwa ya akili. Makadirio ya Jeffrey Swanson kwa Marekani ni asilimia 4 hivi. Na mgonjwa ndiye anayepigwa zaidi. Linda Teplin na wenzake walikuta Chicago, mwaka 2005, kuwa zaidi ya robo ya watu wenye magonjwa makubwa ya akili walikuwa wamefanyiwa ukatili ndani ya mwaka mmoja, zaidi ya mara 11 ya watu wa kawaida. Huku kwetu kila aliyewahi kuona watoto wakimrushia mawe "kichaa" sokoni anajua ninachokisema.

Ni wakati gani tunapaswa kuwa makini zaidi?

Wakati ambapo ugonjwa umeanza na bado hajapata dawa. Olav Nielssen na Matthew Large, waliochambua mauaji yaliyofanywa na watu wenye saikosisi katika nchi mbalimbali, waliona kuwa karibu manne kati ya kumi yalitokea kabla mgonjwa hajatibiwa hata mara moja. Kabla ya tiba, makadirio yao yalikuwa mtu 1 kati ya 629 waliopata saikosisi kwa mara ya kwanza. Baada ya tiba, 1 kati ya 9,090 kwa mwaka. Nikikutana na familia iliyozunguka mwaka mzima kwa waganga na kwenye maombi kabla ya kufika kliniki, tarakimu hizo hunijia. Siwalaumu. Ombeni, lakini njooni na mgonjwa mapema.

Wakati mwingine ni pale anapoacha dawa. Nchini Sweden walifuatilia wagonjwa zaidi ya 82,000 wa kike na wa kiume kati ya mwaka 2006 na 2009, wakamlinganisha kila mtu na nafsi yake: vipindi alivyokuwa akitumia dawa za saikosisi, na vipindi alivyokuwa hatumii. Makosa ya ukatili yalipungua kwa asilimia 45 katika vipindi vya dawa.

Bangi, gongo, chang'aa na mirungi nazo zinahesabika. Kijana anayewaona jirani zake kuwa maadui akiwa hajalewa, akilewa mtu wa kumzuia ni nani?

Uso wa mwanangu hauonyeshi chochote, hata alipofiwa. Amekuwa mtu asiye na huruma?

Mama, hapana. Hili linaumiza familia nyingi na linajibika. Ugonjwa wenyewe huufanya uso ukauke. Mwaka 1996 Ann Kring na John Neale walionyesha wagonjwa filamu za kugusa moyo. Nyuso zao zilisogea kidogo sana kuliko za watu wengine, lakini walipoulizwa walichohisi, walihisi sawa na wengine. Huzuni ipo, haifiki usoni.

Dawa pia huchangia. Haloperidoli na sindano za muda mrefu zinaweza kukaza misuli mpaka uso ukawa kama kinyago. Zinaweza pia kumtia mtu wasiwasi wa mwili, asiweze kukaa, akawa anazunguka chumba usiku kucha, na ndugu wakadhani anataka kupigana. Vyote viwili hurekebishika kwa kubadili kipimo au aina ya dawa. Mwambie mtoa huduma, usimwachishe dawa mwenyewe.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kuna watu wawili wanaosomana vibaya: yeye anauona uso wako una chuki, wewe unauona wake hauna upendo.

Picha za vipimo hivi ni za Wazungu. Vinatufaa?

Kwa sehemu tu. Hillary Elfenbein na Nalini Ambady walionyesha mwaka 2002, baada ya kukusanya tafiti nyingi, kuwa watu husoma vizuri zaidi nyuso za watu wa utamaduni wao. Mgonjwa wa Tabora akipimwa kwa nyuso za California, baadhi ya makosa yake yatakuwa ya umbali tu.

Na zaidi ya picha kuna maneno. Uso wa Kiswahili una mambo ambayo orodha ya hisia sita haiyafikii. Kununa ni hasira? Ni huzuni? Ni vyote pamoja na madai ya kubembelezwa. Kubetua midomo kuna dharau, kukodoa macho kunaweza kuwa onyo la mama kwa mtoto mbele ya wageni. Kusonya hakumo hata usoni, ni sauti, na kumewahi kuanzisha ugomvi mwingi kuliko ngumi. Natamani sana siku moja vipimo vitengenezwe kwa nyuso zetu, na kwa maneno haya.

Kuna tiba ya kusoma sura?

Kuna mafunzo. Huko Düsseldorf, Ujerumani, Wolfgang Wölwer na wenzake walitunga programu ya vikao 12 vya dakika 45, mkufunzi mmoja na wagonjwa wawili. Huanza na sehemu za uso moja moja: nyusi zimepanda au zimeshuka, pembe za mdomo zimekwenda wapi. Kisha uso mzima, kisha uso ndani ya tukio. Waliofundishwa waliboreka kusoma nyuso kuliko waliopata mafunzo ya kumbukumbu na umakini. Huko North Carolina, David Penn na wenzake wana mafunzo mengine ya vikundi, yanayomfundisha mtu pia kutokurupukia hitimisho.

Dawa peke yake huleta nafuu ndogo kwenye eneo hili. Kwa fujo zenyewe, klozapini ina rekodi nzuri kwa wale ambao dawa nyingine zimewashinda, ila humtaka mgonjwa apimwe damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe.

Pasipo na programu, nimewaona ndugu wakianza na kilichopo: albamu ya picha za harusi. "Huyu shangazi hapa amefurahi au amechoka? Umejuaje?" Hufanyika siku ametulia, bila kumsahihisha kama mwanafunzi.

Nyumbani tufanye nini na sura zetu?

Msiigize. Tabasamu la kulazimisha ni uso mgumu kuusoma kuliko wote, na humtia shaka zaidi. Semeni mnachohisi: "Leo nimechoka, mguu unaniuma, sina neno na wewe." Kaeni penye mwanga mnapozungumza naye, kwa sababu uso ulio gizani au wenye dirisha nyuma yake hujazwa na mawazo ya mgonjwa. Wawili wakinong'ona huku wakimtazama, au mmoja akicheka na simu bila maelezo, atajihesabu yeye ndiye mada. Mwambieni kilichochekesha.

Ukali wa maneno unahesabika kuliko mnavyodhani. Tangu George Brown aanze kuchunguza familia za wagonjwa London katika karne iliyopita, imerudiwa kuonekana kuwa mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya kulaumu na kufokeana huugua tena mapema kuliko yule aliyerudi kwenye nyumba tulivu. Nawaambia hili nikijua mmechoka, na kwamba kuna siku uvumilivu huisha.

Na akichafuka?

Usimkazie macho na usisimame mlangoni; awe na njia ya kutoka, nawe uwe na yako. Simama upande kidogo, mikono ionekane. Sema kwa sauti ya chini, sentensi fupi, mtu mmoja tu azungumze. Panga, mundu, mchi na chupa vitoke karibu mapema, kabla ya siku hiyo. Watoto waondoke. Ukiona maisha yako hatarini, ondoka na uite msaada. Kumfunga kamba humpa ushahidi wa kile alichokuwa anakiogopa, na nimeosha vidonda vya kamba vya kutosha.

Akimuumiza mtu akiwa mgonjwa, sheria inasemaje?

Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya zote zinatambua kuwa mtu anaweza kutenda akiwa hana akili timamu. Mahakama huamua kwa ushahidi wa daktari. Tanzania wagonjwa wa namna hiyo hupelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo pamoja na hospitali ya Mirembe. Kenya ni Mathari, Nairobi. Tafuteni wakili mapema na mhifadhi kadi zote za kliniki.

Kamera au programu ya kompyuta inaweza kutambua nani atafanya fujo?

Hapana. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia ushahidi kwa kina na kuona kuwa mwendo wa misuli ya uso hautoshi kumwambia mtu, wala mashine, kilichomo moyoni. Umoja wa Ulaya umeshapiga marufuku programu za kusoma hisia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au usalama. Mgonjwa mwenye uso uliokazwa na dawa angekuwa wa kwanza kusingiziwa.

Nimweleze daktari kwamba anasema tunamkasirikia, au ni jambo dogo?

Mweleze. Andika kwenye daftari maneno yake yenyewe, siku, saa, nani alikuwapo na uso wa nani aliutaja. Kama ni uso wa mtu mmoja tu unaojirudia, mama wa kambo labda, au jirani wa upande wa kisima, litaje hilo kwanza kabla ya habari za usingizi na chakula.